Seli za Bibi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Chiriku alimpelekea bibi yake maji ya kuoga, akafagia sebule, kisha akaokota vipande vya uzi vilivyodondoka chini ya cherehani ya mama yake. Mama alikuwa fundi wa sare za shule, na sebule yao ndiyo iliyokuwa karakana yake. Mgeni akija, ilibidi kwanza kola na mikono ya mashati ihamishwe kutoka kwenye viti ndipo apate pa kukaa.

Jina la Chiriku alipewa na bibi kwa sababu ya maneno. Alianza kuongea kabla hajafumbua macho vizuri, na aliendelea mpaka usingizi ulipomnyamazisha. Mama alisema mtoto huyo akiendelea hivyo atayamaliza maneno yote, na watu wengine watabaki kuonyeshana kwa vidole.

Bibi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hadi alipostaafu, na mtaa mzima bado ulimwita Mwalimu. Muuza mkaa wa jirani alipoandika kwenye ubao wake "mkaa mzuli", Bibi alisimama pale mlangoni akimtazama, bila kusema neno, mpaka mtu wa watu akafuta na kuandika upya. Wanafunzi wake wa zamani, ambao sasa walikuwa na watoto wao, walimkumbuka kwa jambo moja zaidi. Ungeweza kuvunja dirisha la darasa, ukakiri, na Bibi akakusaidia kuokota vioo. Lakini ukivunja na kusema si wewe, hakukusahau.

Hata hivyo Bibi alikuwa na siri, na aliyeibeba ni Chiriku.

Miaka mingi kabla Chiriku hajazaliwa, jino lilimsumbua Bibi, na mtu fulani akamshauri aweke ugoro kidogo kati ya fizi na shavu. Jino lilishang'olewa zamani, lakini ugoro ulibaki. Mama alimsihi sana auache. Mwishowe Bibi alikubali, akakitupa kikopo chake chooni mbele ya macho ya Mama, na Mama akafurahi mpaka akamkumbatia. Haukupita muda mrefu, Bibi akamwita Chiriku chumbani, akarudishia mlango.

"Mjukuu wangu, ukitoka shule, pitia kwa yule mzee anayeuza tumbaku pale karibu na mshona viatu. Mwambie Mwalimu kakutuma. Atajua."

"Lakini Mama alisema..."

"Mama yako ana kazi nyingi, tusimtie wasiwasi. Hili ni letu wawili."

Chiriku, ambaye hakuwahi kuaminiwa kwa siri yoyote, alijiona mkubwa. Tangu siku hiyo alipita kwa yule mzee, akapewa kifurushi kidogo cha karatasi, akakificha ndani ya soksi. Alizungumza juu ya kila kitu nyumbani isipokuwa hicho.

Siku zilivyokwenda, alianza kuona mambo mengine. Bibi alitafuna kwa upande mmoja tu. Chakula kikiwa na moto au chumvi kidogo, alifumba macho na kukimeza kama anayemeza kidonge. Mama alipouliza, Bibi alijibu kwamba meno ya uzeeni ndivyo yalivyo.

Jumamosi moja alasiri, mwanamke mmoja alikuja kushonesha sare za mtoto wake. Alipomwona Bibi amekaa karibu na dirisha, aliweka kitambaa chini na kumsogelea.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Bibi alimtazama kwa makini. "Wewe ulikuwa unakaa safu ya nyuma. Nikiuliza swali, nawe unaniuliza jingine."

Yule mwanamke alicheka, akakaa juu ya rundo la mashati bila kujali. Alieleza kwamba siku hizi alikuwa mtafiti katika maabara ya hospitali kubwa ya mji ule, na kwamba bado kazi yake ilikuwa kuuliza maswali. Alikuwa akitafuta mabibi na mababu watakaokubali kutoa damu kidogo pamoja na wajukuu wao.

"Damu ya nini?" Mama aliuliza huku akiendelea kupima kitambaa.

"Tunataka kujua mwili unavyojirekebisha, na jinsi uzee unavyobadilisha kazi hiyo. Tunalinganisha wadogo na wakubwa."

Bibi alinyoosha mgongo. Ilikuwa wazi kwamba amefurahi. Mwanafunzi wake alikuwa amekuwa mtu wa kazi kama hiyo, na sasa alimhitaji mwalimu wake. Alikubali papo hapo. Mama naye, baada ya kuuliza maswali mengi kuhusu sindano, alikubali kwa niaba ya Chiriku.

Bibi na Chiriku walikwenda maabara wiki iliyofuata. Ilikuwa chumba cheupe chenye meza ndefu, friji zilizonguruma taratibu, na harufu ya spiriti. Mtafiti, kama Chiriku alivyozoea kumwita baadaye, aliwakaribisha kwenye viti, akamwuliza Bibi maswali kwa sauti ya heshima. Alimwuliza umri wake, magonjwa aliyowahi kuugua, anapikia nini, analalaje.

"Samahani, Mwalimu, swali hili namwuliza kila mtu. Unatumia tumbaku ya aina yoyote? Sigara, au ya kutafuna, au ugoro?"

Chiriku alitazama viatu vyake.

"Mimi?" Bibi alisema. "Hapana."

Alisema kwa sauti ile ile aliyotumia kusoma imla darasani, wazi na bila kukwama. Mtafiti alitabasamu kana kwamba anaomba radhi kwa kuuliza, akaendelea na swali lingine. Kisha akamfunga Bibi mpira kwenye mkono, akatafuta mshipa, na damu ikapanda kwenye kichupa. Ilipofika zamu ya Chiriku, hakulia wala hakusema chochote. Mtafiti alimsifu kuwa mtoto mtulivu. Siku nyingine yoyote, Mama angekufa kwa kicheko kusikia maneno hayo.

Walipokuwa wakirudi nyumbani kwa miguu, Bibi alitembea mbele kidogo. Hakugeuka nyuma. Chiriku alitaka kuuliza, lakini akafuata visigino vyake tu.

Baadaye Mtafiti alipiga simu. Aliomba Bibi na mjukuu wake warudi, kwa sababu kuna jambo hakulielewa. Walipofika, walimkuta macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Pengine nimekosea mimi," alisema. "Njooni niwaonyeshe, halafu Mwalimu anisaidie kufikiri kama zamani."

Aliwaketisha mbele ya skrini iliyounganishwa na hadubini. Juu ya weusi wa skrini kulikuwa na madoa mengi ya mwanga, ya duara, kama taa za mbali.

"Hizi ni seli nyeupe za damu yako, Chiriku. Ndani ya kila seli kuna DNA. Ni kama uzi mrefu mno uliokunjwa, wenye maelekezo yote ya jinsi ya kuujenga na kuuendesha mwili wako. Seli huishi kwa kutumia hewa ya oksijeni. Lakini katika kuitumia, hutokea vitu vidogo vikali, kama cheche zinazoruka jikoni. Cheche hizo huugusa uzi na kuuharibu."

"Kila siku?" Chiriku aliuliza.

"Kila siku, kwa kila mtu, hata sasa tunapoongea. Lakini seli ina mafundi wake, wanaitwa vimeng'enya. Wanapita kwenye uzi, wakikuta mahali palipoharibika wanapakata, wanatia kipande kipya, wanaunga."

"Kama Mama anavyofumua mshono na kushona tena."

"Hasa. Mimi huchukua seli, nikazitia dawa inayofanya kazi kama zile cheche, ili uzi ukatike. Kisha napitisha umeme kidogo. Vipande vilivyokatika huburutwa nje, na seli inaonekana hivi."

Alibonyeza kitufe. Madoa yakabadilika. Kila moja sasa lilikuwa na mkia wa mwanga nyuma yake, kama nyota yenye mkia.

"Mkia mrefu maana yake uharibifu mwingi. Baada ya hapo naziacha seli nyingine mahali penye joto kama la mwili, mafundi wafanye kazi. Hizi hapa ni zako baada ya kupumzika."

Mikia ilikuwa imekaribia kwisha. Mtafiti akabonyeza tena.

"Na hizi ni zako, Mwalimu, baada ya muda ule ule."

Mikia ya seli za Bibi ilikuwa imepungua kidogo tu. Bibi alivaa miwani yake, akasogea mbele.

"Mafundi wangu wamezeeka," alisema taratibu.

"Wamepunguza kasi. Hilo nalitarajia, ingawa watu hatulingani. Wapo wazee ambao mafundi wao bado wepesi. Ndiyo maana tunatafiti. Kwa wengi, umri unavyoongezeka, kazi inachelewa, na uharibifu mwingine unabaki bila kurekebishwa. Ukilundikana mahali pamoja kwa miaka, unaweza kuleta ugonjwa. Hilo halinishangazi. Linalonishangaza ni hizi."

Akaonyesha picha nyingine. Seli nyingi pale nazo zilikuwa na mikia.

"Hizi ni za kwako, Mwalimu, ambazo sijazitia dawa yoyote. Zimetoka mwilini zikiwa na mikia. Wazee wenzako wa rika lako hawana mikia ya namna hii. Kuna kitu kinachozidisha cheche. Kinaweza kuwa ugonjwa, kinaweza kuwa moshi, au tumbaku. Lakini wewe hutumii. Kwa hiyo kosa litakuwa langu. Labda dawa yangu imeharibika, au nilichelewesha vichupa. Nimeamua kuimwaga dawa yote na kuanza upya, na damu za wale wengine wote nirudie."

Chiriku alimtazama Bibi. Bibi alivua miwani, akaifuta kwa ukingo wa khanga, akaifuta tena. Midomo yake ilifunguka kama anayetaka kusema. Kisha akanyoosha mkono.

"Chukua damu nyingine," alisema.

Jioni hiyo Bibi alimwita Chiriku chumbani kama kawaida. Kifurushi kilikuwa kimekwisha.

"Kesho pitia kwa mzee."

"Siendi, Bibi."

Bibi aligeuka polepole. Chiriku hakuwahi kumjibu hivyo, na mwenyewe alishtuka kusikia sauti yake.

"Umesemaje?"

"Mtafiti anamwaga dawa yake kwa sababu yetu. Anafikiri amekosea. Na mdomo wako unauma, Bibi, nakuona."

"Nani kakufundisha kunipangia?" Sauti ya Bibi ilikuwa ya chini na ngumu. "Mimi ndiye niliyekushika mkono ukaandika herufi ya kwanza. Leo unanihukumu kwa kitu kidogo kama hiki. Nenda."

Chiriku alitoka machozi yakimlengalenga. Asubuhi yake, alipokuwa akikusanya vyombo vya chumbani kwa Bibi, alikuta kikombe cha kusukutulia. Maji yaliyobaki ndani yalikuwa na rangi ya waridi, na chini pametulia uzi mwembamba wa damu. Bibi alikuwa kitandani ameegemea ukuta, kiganja shavuni.

"Bibi, nionyeshe."

Labda ni kwa sababu ya maumivu, au labda alichoka kuficha. Bibi alifungua mdomo. Kwa ndani ya shavu, pale pale alipozoea kuweka ugoro, palikuwa na doa jeupe lililokunjamana, na katikati yake kidonda chenye kingo ngumu.

"Kilianza lini?"

"Kabla ya mvua," Bibi alisema. "Kitapona. Usimwambie mama yako."

Chiriku alikwenda shule, lakini siku hiyo hakusikia lolote lililofundishwa. Alijua kwamba akisema, Bibi hatamsamehe. Aliwaza pia kile kidonda, na mafundi wale wanaofanya kazi polepole huku kila siku wakimwagiwa cheche mpya. Na aliyekuwa akizileta cheche hizo, ndani ya soksi yake, alikuwa yeye.

Aliporudi, Mama alikuwa akishona. Chiriku alisimama kando ya cherehani.

"Mama, nina jambo."

"Sema, nakusikia," Mama alisema bila kuinua macho, mguu wake ukiendelea kukanyaga.

"Bibi hakuacha ugoro. Mimi ndiye ninayemnunulia. Na ana kidonda mdomoni kinachotoa damu, tangu kabla ya mvua."

Cherehani ilisimama. Kwa muda Mama alibaki ameshika kitambaa kwa mikono miwili. Chiriku alingoja kofi au ukali, lakini Mama alimvuta tu, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe.

"Tangu lini unabeba mzigo huu?"

"Tangu alipotupa kikopo."

"Haukuwa mzigo wako," Mama alisema. Aliinuka, akajifuta uso, akaenda chumbani kwa Bibi na kufunga mlango.

Chiriku alisikia sauti ya Mama, kisha ya Bibi ikipanda. Mama alipotoka alikuwa ameshika kikopo kipya, na macho yake yamevimba. Hakuna aliyekula vizuri siku ile.

Bibi hakumsemesha Chiriku. Asubuhi alipoletewa maji, aliyapokea bila kumtazama. Chiriku akisalimia, Bibi aliitikia kwa kichwa. Nyumba ikawa na ukimya ambao hata wateja wa Mama waliuona. Mmoja aliuliza kama kuna msiba. Mara kadhaa Chiriku alitamani kurudi nyuma, ayameze maneno aliyomwambia Mama. Lakini kila alipomwona Bibi akishika shavu, alijua asingeweza kufanya vingine.

Mama alimpeleka Bibi kwa daktari wa kinywa. Daktari huyo, mtu mzima mwenye maneno machache, alitazama kidonda kwa tochi, akakigusa kwa kidole, kisha akakata kipande kidogo kwa ajili ya uchunguzi. Walisubiri majibu. Yalipotoka, alimweleza Bibi mwenyewe, bila kuzungusha.

"Ni saratani, Mwalimu. Imeanza, lakini bado haijasambaa. Tutaikata, na sehemu ya shavu pamoja nayo. Mngekaa mpaka mwaka ujao, ningekuwa nawaambia mengine."

"Ni ugoro?" Bibi aliuliza.

"Sina shaka kubwa. Umeuweka mahali pale pale kwa miaka. Ulipokuwa kijana, mwili uliweza kufuta sehemu kubwa ya madhara. Sasa unafuta kidogo, nawe umeendelea kuongeza."

Walipotoka chumbani kwa daktari, kwenye korido iliyojaa wagonjwa, Bibi alimwambia Mama, "Kabla ya kukatwa, nataka nipelekwe maabara. Na Chiriku awepo."

Mtafiti alikuwa amezungukwa na vichupa vipya. Alipowaona alianza kuomba radhi kwamba majibu ya pili bado hayajakaa sawa, lakini Bibi aliinua mkono.

"Majibu yako yako sawa tangu mwanzo," alisema. "Uliniuliza kama natumia tumbaku, nikasema hapana. Natumia ugoro, miaka mingi, na sasa nina saratani ya mdomo. Nilikudanganya."

Mtafiti alikaa kitako taratibu.

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Niliona haya. Wewe ulikuwa mwanafunzi wangu. Niliwaadhibu ninyi kwa uongo mdogo kuliko ule. Swali lilipokuja, nikajiona nimesimama mbele ya darasa zima, nikachagua heshima yangu. Nimekumwagisha dawa yako na kukupotezea usingizi. Nimekuja kufuta nilichosema."

Chiriku alitamani kuishika mikono ya Bibi, lakini aliogopa.

Mtafiti alipozungumza, sauti yake haikuwa na ukali. "Nakushukuru kwa kuja. Nitakuambia ukweli nami. Nisingejua, ningeweza kuandika kwamba uzee peke yake huleta mikia ile. Watu wangesoma, wangeamini, na mzee mwingine mwenye kidonda angeambiwa ni uzee tu, nenda nyumbani. Damu yako sasa tutaiweka pamoja na ya wale wanaotumia tumbaku. Bado ina kazi." Akasita. "Na mimi nilikosea kukuuliza mbele ya mtoto, na kwa namna iliyokufanya useme hapana upesi. Nitabadilisha."

"Chiriku ndiye aliyeniambia juu ya kidonda. Je, hiyo damu nayo ilionyesha saratani?" Mama aliuliza.

"Hapana, dada. Damu haikuweza kuniambia lolote juu ya mdomo. Mikia huonyesha uharibifu wa seli za damu, basi. Aliyeonyesha kidonda ni huyu." Alimwelekeza Chiriku kwa kichwa.

Bibi alimgeukia mjukuu wake. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile, alimtazama usoni. Walipokuwa wakitoka aliweka mkono wake juu ya bega la Chiriku, na hakuuondoa mpaka walipofika langoni.

Upasuaji ulichukua asubuhi nzima. Mama na Chiriku walikaa kwenye benchi, Mama akikunja na kukunjua kitambaa kile kile. Daktari wa kinywa alipotoka, aliwaambia kwamba ameondoa kila alichokiona, na kwamba kingo za nyama aliyoikata zimepelekwa kuchunguzwa. Baadaye majibu yalisema kingo zilikuwa safi, hazina saratani.

Kupona hakukuwa rahisi. Uso wa Bibi ulivimba, akalishwa uji mwepesi kwa kijiko, na maneno yalitoka kama ya mtu mwenye jiwe mdomoni. Hamu ya ugoro nayo haikumwachia. Ilimjia asubuhi na jioni, ikamfanya mkali, akagombana na mito na mablanketi. Wakati kama huo Mama alimpa maji ya kunywa na kumkalisha nje penye hewa, na Chiriku alimsomea gazeti mpaka hamu ikapita. Muuza tumbaku alipotuma salamu kuuliza kulikoni, Bibi aliandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba asimwuzie mtoto yeyote tena, hata akiwa ametumwa na nani.

Muda ulipita, uvimbe ukashuka. Shavu la kulia lilibaki limebonyea, na kovu lilivuta kona ya mdomo. Bibi aliporudi kliniki kuangaliwa, daktari alisema jeraha limeunga vizuri kwa mtu wa umri wake, ingawa ataendelea kuja kuangaliwa kwa miaka. Wakati Mama amekwenda kuchukua dawa, Bibi na Chiriku walibaki wawili kwenye benchi la nje.

"Bibi, wale mafundi wa seli zako watarudi kuwa wepesi?"

"Nimemwuliza mwanafunzi wangu swali hilo hilo. Anasema pengine hapana. Watakwenda kwa mwendo wao. Lakini nisipowaongezea kazi, wataweza kufanya iliyopo."

Chiriku alichezea kifungo cha sare yake. "Nilifikiri hutanisamehe."

Bibi bado alilazimika kuchagua maneno yasiyoumiza shavu.

"Nilikukasirikia," alisema. "Sikukasirika kwa sababu ulikosea, nilikasirika kwa sababu ulikuwa sahihi nami nilijua. Nisikilize vizuri. Mimi nilikukosea zaidi kuliko nilivyomkosea yule mtafiti. Nilikupa siri ambayo mtoto hapaswi kupewa, nikaiita mapenzi. Mtu mzima akikuambia ufiche jambo linalomwumiza yeye au linalokuumiza wewe, mwambie mtu mzima mwingine unayemwamini. Usingoje akupe ruhusa, hawezi kukupa. Atanuna, atakununia siku nyingi kama nilivyokununia mimi. Vumilia. Mwambie hivyo hivyo."

"Hata akiwa bibi yangu?"

"Hasa akiwa bibi yako," Bibi alisema. "Na wewe mwenyewe usianze kitu hiki, wala sigara, kwa kuwa mwili wako wa sasa unajirekebisha haraka. Mimi nami nilikuwa hivyo. Kwa miaka mingi sikuona dhara lolote, nikadhani halipo. Kumbe mwili ulikuwa ukinilipia kimyakimya, na siku ulipochoka, sikujua."

Mama alitokea mlangoni mwa duka la dawa, akiwa ameshika mfuko wa karatasi. Bibi aliegemea bega la mjukuu wake, akainuka, na wote watatu wakaanza kutembea kuelekea nyumbani.